Meya Asiye na Mji: Maji Mdomoni

Tulimwacha Pauline jukwaani, mashavu yamevimba kwa maji, na uwanja mzima wa Voi umenyamaza ukingoja ayateme.

Hakuyatema. Aliyameza.

Aliyameza polepole, koo likipanda na kushuka, macho hayabanduki usoni pa mdogo wake. Akakirudisha kikombe mezani. Akajifunga leso upya kiunoni. Akashuka ngazi za jukwaa bila neno, akaupasua umati katikati, akaenda zake.

Watu wa milimani waliguna kwa pamoja. Mama mmoja aliziba mdomo kwa kiganja. Mzee mmoja alivua kofia, kama aliyeona jeneza likipita barabarani.

Juu ya jukwaa, Meya Elsie Wakesho, mdogo wake, alishika ukingo wa meza.

Na ndipo Jeconia Oundo, msimamizi wake wa kampeni, aliporukia maiki.

"Mama amekata kiu!" alipaza sauti. "Watu wa Voi, dada mkubwa amekunywa maji ya Meya! Wapi makofi?"

Nusu ya uwanja ilipiga makofi. Nusu nyingine ilimtazama kama mtu aliyeangua kicheko matangani.

Elsie alimvuta kwa mkono wa shati hadi nyuma ya spika.

"Umefanya nini, Jeconia?"

"Nimeokoa mkutano, Meya. Kimya kilikuwa kimezidi."

"Umewaambia watu wapigie makofi laana!"

"Laana gani? Si wewe ulisema dada yako akichukua maji mdomoni mbele ya watu, kura za milimani zitarudi?"

"Nilisema akiyatema! Ameyameza!"

"Sasa kutema na kumeza," Jeconia alikuna kichwa, "si maji ni yaleyale?"

Msimlaumu sana Jeconia. Baba yake aliletwa Voi na reli kutoka upande wa Busia, na yeye alizaliwa hapahapa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale stesheni. Anaijua Voi kuliko kiganja chake. Lakini mambo ya milimani aliyasikia nusunusu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Kwa Wadawida, watu hao wa milimani, mwenye kinyongo hachezi na maji. Akitaka kumwachilia mwenzake, huchukua maji mdomoni, huyapuliza nje, kisha hutamka kwamba moyo wake umepoa na mwenzake aende salama. Huko ndiko kutasa. Maji hutangulia, maneno hufuata. Na anayeyameza mbele ya mashahidi amesema jambo moja tu: kinyongo changu ninacho, na ninarudi nacho nyumbani.

Pauline, dada wa tumbo moja, ambaye hakuwa amesema na Elsie tangu mazishi ya mama yao, ndiye aliyesema hivyo. Mbele ya Voi nzima. Siku tatu kabla ya mchujo wa chama.

"Meya!" kijana mmoja aliita kutoka umatini. "Kama dada yako hakutaki, sisi tukutakie nini?"

Kicheko kikaenea uwanjani.

"Na bomba la pale sokoni," akadakia mama mwenye mtungi kichwani, "mbona lilikauka siku moja na cheo chako?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Elsie alitabasamu. Ndiyo kazi aliyoijua: kutabasamu huku meno yakiuma ndani.

Ukweli ni kwamba Voi haina meya. Elsie alikuwa amekikalia kiti hicho, na mkufu wa cheo shingoni, wakati sheria mpya ilipokuja kukifuta. Akavua mkufu. Lakini jina halikuvulika. Wenye mikokoteni humpisha njia: "Pita, Meya." Wanawake humletea kesi za waume zao: "Meya, tusaidie." Watoto waliozaliwa baada ya hapo humwita Meya na hawajui meya ni kitu gani.

Kisha siku ya kura inafika, na watu haohao humpigia mtu mwingine.

Mara tatu amesimama. Mara tatu ameanguka. Sasa ameteremka hadi kiti cha uwakilishi wa wadi, kiti ambacho zamani wenye nacho walikuwa wakimwamkia kwa kuinama. Akikikosa hiki, hana pengine pa kuteremkia.

Kabla jua halijatua, video ya Pauline akimeza maji ilikuwa imefika kila simu kutoka Kishushe hadi Taveta. Mpinzani wa Elsie, Hillary Righa, aliisambaza na maneno machache tu: "Dada yake amekataa. Wewe ni nani?"

Hillary hajui kupoteza maneno. Ndiyo maana anatisha.

* * *

Asubuhi yake Jeconia alipiga honi mlangoni. Probox yake ilikuwa na picha ya Meya kwenye kila kioo, hata kile cha dereva, kwa hiyo ilimbidi achungulie barabara kupitia chini ya kidevu cha bosi wake.

"Tunaenda wapi?"

"Chawia. Kwa Pauline."

Walipita mashamba ya mkonge ya Mwatate, wakaanza kupanda. Joto la Voi likabaki nyuma. Ukungu ukaja kuwalaki kwenye kona.

"Meya," alisema Jeconia, "dada yako amekasirikia nini hasa?"

"Shamba. Lile la bondeni lenye chemchemi. Baba alipofariki nililichukua mimi."

"Alikwambia ni hilo?"

"Hajasema na mimi miaka yote hii. Ataniambia vipi?"

"Basi umejuaje?"

Elsie akageukia dirisha. Alitazama migomba ikipita, na makabichi ya watu kwenye matuta.

"Ndugu hukasirikiana kwa shamba," alisema mwishowe. "Kuna kingine?"

Jeconia akabadilisha gia.

Walimkuta Pauline jikoni, jiko la udongo lililojitenga na nyumba, akiponda kimanga. Maharage na mihogo vilikuwa vimeiva chunguni, na mwiko wake ulipanda na kushuka kwa nguvu ya mtu mwenye mawazo. Aliinua macho mara moja tu.

"Kaeni."

Elsie akakaa kwenye kigoda. Jeconia akasimama mlangoni, kwa kuwa kigoda kilikuwa kimoja.

Kando ya kigoda hicho, sakafuni, palikuwa na kikombe kitupu. Masalio ya chai chini yake yalikuwa bado mabichi.

Elsie alikiona. Akajitia hakukiona. Alikuwa amekariri maneno yake njia nzima, na akiogopa yatamtoka.

"Dada, nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea. Lile shamba la bondeni nalirudisha. Lote, na chemchemi yake. Leo."

Mwiko ukasimama.

"Shamba gani?"

"La bondeni."

"La bondeni lipi?"

"Dada, usinifanye..."

"Elsie." Pauline alikung'uta mwiko kwenye ukingo wa chungu. "Hilo shamba nalilima mimi tangu ulipohamia Voi. Haya maharage yametoka huko. Unanirudishia kitu ninachokila?"

Mlangoni Jeconia alikohoa.

"Hata mpaka wake huujui," Pauline aliendelea, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Uliuona mwisho lini?"

Elsie alikaza macho kwenye chungu. Njia nzima alikuwa akijiona mwema. Alikuwa amekuja kutoa zawadi ambayo mwenyewe hakujua kwamba haikuwa mikononi mwake.

"Basi ni nini?" Sauti ilimpanda. "Kama si shamba, ni nini? Unanimezea maji mbele ya watu, halafu huniambii kosa langu!"

"Hillary hakuuliza hivyo."

Jina hilo lilimpiga Elsie kama kofi.

"Hillary Righa amekuja hapa?"

"Ameondoka sasa hivi. Alikaa hapo ulipokaa wewe."

Elsie akakitazama kile kikombe.

"Ametaka nini?"

"Hakutaka kitu. Aliniuliza swali. Aliniuliza, 'Mama yenu alikufaje?'" Pauline akarudi kuponda, polepole sasa. "Swali fupi hivyo. Nimelingoja kutoka kwako tangu tulipomfukia."

Moshi ulipanda kati yao. Kuku mmoja aliingia, akaona mambo si mambo, akatoka.

"Nilikuwepo kwenye mazishi," Elsie alisema kwa sauti ndogo. "Nililipanga mimi lile jambo. Mahema, viti, wageni..."

"Ulilipanga. Wageni walijaa mpaka kwa jirani. Kila mwenye cheo alipewa maiki. Aliongea mpaka mmoja aliyekosea njia, akamsifu marehemu kwa ushujaa wake vitani."

"Sikujua yule alikosea."

"Mimi nilijua. Nilikuwa nimemuuguza Mama kwa mikono hii, nikimgeuza kitandani, nikimwosha. Nilikuwa na maneno yangu machache. Msema chochote, mwongoza shughuli wenu, akanitaja: dada mkubwa, mwana wa kwanza. Nikasimama. Nikajifunga leso vizuri. Nikainua mkono ili maiki iletwe." Pauline aliunyanyua mkono wake wa kulia juu, kama mwanafunzi darasani, mwiko ukiwa bado mkononi. "Nawe Meya ukatazama saa yako. Ukasema, 'Muda umetubana. Familia tutaongea nyumbani.' Nikakaa chini mbele ya watu wote."

Akaushusha mkono.

"Na nyumbani hamkuja. Mliingia magarini, mkarudi Voi."

Elsie alijaribu kukumbuka. Aliyakumbuka mahema. Alikumbuka nani alifika na nani hakufika, na jinsi hotuba yake mwenyewe ilivyopigiwa makofi hata watu wakasahau kwamba ni mazishi. Pauline aliyesimama, mkono juu, leso imefungwa, hakumkumbuka popote.

Hakuwa amemsahau. Hakuwa amemwona kabisa.

"Sema sasa," alisema, na sauti yake ilikuwa imepoteza umeya wote. "Tafadhali, dada. Maneno yako uliyokuwa nayo. Nakusikiliza."

Pauline alisukuma chungu kando. Kisha akaweka mwiko chini, akafuta mikono, akafunga leso. Alisimama wima kati ya chungu na tita la kuni, kama mbele yake pana watu elfu.

"Mimi ni Pauline," alianza, "binti wa kwanza wa marehemu. Nawasalimu kwa jina la Bwana."

"Asifiwe," Jeconia alijibu kutoka mlangoni.

"Mama hakuugua kwa kelele. Kila asubuhi aliniuliza, 'Elsie anakuja leo?' Nami nilimdanganya. Nilimwambia, 'Kesho, Mama. Leo ana mkutano.' Siku moja akanishika mkono, akasema, 'Usinidanganye tena, mwanangu, unachoka. Elsie ana mji wa kumwita. Mimi nina wewe.' Siku ile sikuweza kupika. Mama alipenda chai ya tangawizi na alipenda kuchekesha wagonjwa wenzake hospitalini. Alikufa nikimchana nywele. Upande mmoja ulikuwa umekwisha. Nikamalizia na ule wa pili, asiende kwa watu vibaya. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Asanteni kwa kunisikiliza."

Akakaa juu ya tita la kuni.

Elsie alikuwa amejikunja kwenye kigoda, uso kwenye magoti. Jeconia alikuwa akijifuta macho na kulaumu moshi.

Basi Pauline akachota maji kwa kata, akajaza mdomo. Safari hii hakungoja. Aliyapuliza kwa nguvu kuelekea mlangoni, yakamwagika juu ya viatu vya Jeconia.

"Nilikuwa na kinyongo," Pauline alisema. "Kimetoka. Moyo umepoa. Nenda salama, mdogo wangu."

Na kama hadithi hii ingekuwa ya mtu mwingine, ingeishia hapo, kwa machozi na sahani ya kimanga.

Lakini Elsie ni mwanasiasa. Alifuta uso, akamshika dada yake mikono yote miwili, na kabla hajajizuia maneno yalikuwa yamekwisha kutoka:

"Dada, utarudia kesho pale uwanjani? Nakutumia gari mapema."

Pauline akaitoa mikono yake, mmoja baada ya mwingine.

"Nirudie nini?"

"Kutasa. Wakuone. Wameona ukimeza, wakuone na ukitema."

"Nimekwisha tema, Elsie. Kimetoka. Nikiyapuliza kesho nitakuwa napuliza nini? Mate?"

"Lakini hakuna aliyeona!"

"Wewe umeona."

"Jeconia!" Elsie aligeuka. "Ulirekodi? Niambie ulirekodi!"

"Meya, nilikuwa nalia."

Elsie alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyechoka na dunia. Hayo ndiyo maisha yake. Alaaniwe, na kaunti nzima ina video. Asamehewe, na shahidi wake ni kuku na mtu mwenye viatu vilivyolowa.

"Tena nikwambie," alisema Pauline. "Aliyebaki na kinyongo ni wewe."

"Mimi? Na nani?"

"Na Voi. Nilikusikiliza jana kabla hujaniita jukwaani. Unaomba kura kama mke aliyeachwa anayeomba vyombo vyake. 'Watu wangu, watu wangu,' na meno umeyakaza."

"Si kweli."

"Si kweli?"

"Nawapenda watu wa Voi!"

"Haya."

"Niliwajengea soko!" Elsie alisimama, kigoda kikaanguka. "Niliwawekea taa! Nilipigania maji mpaka nikaugua, bomba kubwa linawapita puani kwenda kwa wengine, na nani aliyesema? Mimi! Wakanifanya nini? Mara tatu, dada! Asubuhi wananiita Meya, jioni wanamchagua mtu asiyejua hata mtaro wao unaelekea wapi! Bomba limekauka! Bomba limekauka! Nitalifungua na nini, na meno?"

Kuku wote waliokuwa uani walitawanyika.

Elsie akabaki akihema. Hakuwahi kuyasema hayo kwa mtu, hata kwa Mungu wake.

"Hicho," Pauline alisema taratibu. "Hicho ndicho ukakiteme. Kesho, mbele yao."

"Hapana, Mama," Jeconia aliingilia. "Kwa heshima. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kuwaambia wapiga kura kwamba amewakasirikia."

"Na ndiyo maana wote wamevimba," Pauline akamjibu. "Nitakuja. Jukwaani sipandi. Nitasimama mbele, upande wa kulia, ili anione."

Kisha akaokota mwiko. "Sasa kuleni. Na wewe Oundo, vua hivyo viatu uvianike."

* * *

Jeconia ana dosari nyingi, lakini kutangaza habari si mojawapo. Kufikia jioni Voi nzima ilikuwa ikijua kwamba Meya atatasa. Walijua Wadawida na wakashangaa. Walijua Wakamba wa mtaa wa Sofia wakauliza majirani zao maana yake. Landhi za reli zilielezwa na Jeconia mwenyewe, aliyekuwa sasa mtaalamu: "Kutema ni baraka, kumeza ni balaa. Msinichanganyie!"

Na Alhamisi alasiri uwanja ulijaa kama haujawahi kujaa tangu siku za mkufu. Vumbi jekundu lilisimama hewani. Akina mama walikuja na mitungi yao, kwa sababu hata siku ya historia lazima maji yatafutwe.

Elsie alipanda jukwaani bila wimbo. Aliwataka vijana wazime muziki.

Pale mbele, upande wa kulia, alimwona Pauline. Leso ile ile.

"Watu wa Voi," alisema. "Leo siombi kura. Kuna kitu nimekaa nacho moyoni, juu yenu. Sijawahi kuwaambia. Nimekuja kukitoa."

Ile minong'ono ya kawaida haikusikika. Hata yule kijana mchokozi alisogea mbele asikilize.

Elsie akampa Jeconia maiki. Akachukua kikombe. Akajaza mdomo.

Maji yalikuwa ya moto kwa jua, na yenye ladha ya chumvi, kama yalivyo maji ya Voi. Aliyashikilia. Alimtafuta kwanza yule mama wa bomba, akamwona. Akawaona wenye mikokoteni. Akaziona nyuso zilizomwita Meya na kumkataa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alihisi kitu kigumu kifuani kikianza kulegea. Akavuta pumzi kwa pua ili apulize.

"Heshima zenu! Heshima zenu, watu wa Voi!"

Hillary Righa alikuwa amepanda jukwaani kwa ngazi za nyuma.

Alikuja akitabasamu, mikono imetanuka kama mchungaji. Alimkumbatia Jeconia kama ndugu aliyepotea, na alipomwachia, maiki ilikuwa mkononi mwake.

"Msishtuke," alisema. "Mimi nimetoka Chawia. Nilikaa kwa dada yake Meya, na Meya naye akafika palepale. Tumeelewana kama watu wa nyumba moja. Meya ameamua kuniachia kiti hiki. Ndiyo maana amekuja leo kuwaaga kwa mila yetu, bila kinyongo. Mpigieni makofi mama huyu shujaa!"

Uwanja ulilipuka. Wengine walipiga makofi, wengine walipiga kelele za kukataa. Jeconia alikuwa akifoka "Uongo! Uongo!" lakini bila maiki alikuwa kama mbu kwenye harusi.

Elsie alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Tazameni, ana uchungu," Hillary alisema kwa upole. "Mwacheni. Si rahisi." Kisha akamgeukia, macho yakicheka, na sauti ikapaa juu ya uwanja. "Lakini mimi si mtu wa hila. Kama nimesema uongo, Meya mwenyewe na aseme hapana. Sasa hivi. Mbele yenu nyote."

Akaisogeza maiki mpaka chini ya kidevu chake.

Elsie alisimama na mdomo umejaa maji.

Akiyameza ili ajibu, amemeza kinyongo mbele ya Voi, na milima yote itaona. Akiyapuliza, lazima maneno ya amani yafuate, na hapo ametia muhuri uongo wa Hillary: ameaga. Akimtemea Hillary usoni, jambo ambalo mikono yote miwili na roho yake yote vilimtuma, video itafika Nairobi kabla ya chai.

Mashavu yalianza kumuuma. Machozi ya hasira yalimlenga. Mara tatu walimshinda kwa kura. Leo anashindwa kwa funda la maji.

"Kimya ni kukubali!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Aseme! Aseme!"

Ndipo alipouona mkono.

Pale mbele, upande wa kulia, juu ya vichwa vya watu, Pauline alikuwa ameinua mkono wake wa kulia, wima, kama mwanafunzi darasani. Amejifunga leso vizuri. Anangoja aletewe maiki.

Safari hii Elsie alimwona.

Hakutazama saa. Aliipokonya maiki kwa nguvu ambayo Hillary hakuitarajia, akapiga magoti kwenye ukingo wa jukwaa, akaunyoosha mkono wake hadi chini, mpaka vidole vya dada yake vikakishika chuma kile.

Uwanja ulitulia. Tabasamu la Hillary lilikwama nusu njia.

Pauline aliishika maiki kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Alimtazama Hillary. Alimtazama mdogo wake aliyepiga magoti, mashavu yamevimba, macho yakimwomba.

"Mimi ni Pauline," alisema, "binti wa kwanza. Nawasalimu kwa jina la Bwana."

"Asifiwe!" uwanja ukaitikia.

"Hillary hakusema uongo," alisema Pauline.

Na maji yakateleza mpaka kooni kwa Meya.